Pesa Huja Mara Moja, Njaa Huja Mara Tatu

Haya ni maandishi ya hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wazazi. Nimeyaacha karibu yalivyo. Nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Ndugu mwenyekiti, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mlioanza maisha juzijuzi, asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kulisha familia kwa bajeti ya kubana. Nadhani aliyeniomba alitarajia mapishi. Sikuja na mapishi. Wengi humu ndani mnapika kuliko mimi, na wapo waliowahi kula kwangu wanaoweza kutoa ushahidi. Mimi nimekuja na daftari.

Daftari hili lilianza mwezi tulioishiwa tarehe 22. Nyumbani tulikuwa sita, mimi, mume wangu na watoto wanne. Tarehe 22 mafuta hakuna, unga umebaki wa kufuta chombo, na dukani tumeshaandikwa deni mpaka ukurasa umejaa. Nilikuwa na hakika kwamba tatizo ni kipato kidogo. Na kilikuwa kidogo kweli, sitawadanganya. Lakini mwezi uliofuata kipato kilikuwa kilekile, tukafika tarehe 26. Mwezi wa tatu tukafika 29. Siku saba hizo zilitoka wapi, ilhali hakuna aliyetuongezea hata senti?

Zilitoka kwenye kalenda. Pesa huja mara moja kwa mwezi, njaa huja mara tatu kwa siku, na sisi tulikuwa tukiipangia pesa tu, njaa hatukuipangia. Tulikaa na mume wangu tukasema, pesa ya chakula ni kiasi hiki, tujitahidi isiishe. "Tujitahidi" si mpango, wazazi wenzangu. Ni dua.

Kwa hiyo nikaacha kuhesabu pesa nikaanza kuhesabu sahani. Watu sita, milo mitatu, siku 30: sahani 540. Nilipoiandika namba hiyo nilikaa chini. Nilikuwa nikiingia sokoni kila mwezi kununua vitu vya sahani 540 bila kuijua idadi, kama fundi anayenunua matofali bila kujua ukuta una urefu gani. Kisha nikaanza kupunguza. Baba anakula mchana kazini, toa 22. Wawili wanakula shuleni siku za masomo, toa nyingine 40 na kitu. Tukabaki na sahani kama 475 hivi ambazo lazima zitoke kwenye jiko langu, nikitaka nisitake. Pesa yote ya chakula gawa kwa idadi hiyo, na hapo ndipo utakapoujua ukweli wako. Kila sahani ina haki yake ya pesa. Siku ukipika sahani inayokula haki ya sahani nne, kuna sahani tatu huko mbele umeshazinyang'anya, hata kama hujui ni za tarehe ngapi.

Naam, za tarehe ngapi? Karibu kila mara ni za mwisho wa mwezi. Daftari lilinionyesha kwamba wiki ya kwanza peke yake ilikuwa ikila karibu nusu ya pesa yote. Mnacheka kwa sababu mnaijua wiki hiyo. Ni ile wiki ambayo baba anaingia na nyama kilo mbili mkononi, uso umemeremeta, watoto wanamkimbilia. Nami sikatai, ni siku njema. Ila nyama ile ingeweza kukaa kidogokidogo kwenye mchuzi wa siku nane. Sisi tuliila kwa siku moja na nusu, halafu siku ile ya pili mchana tukatafuta kijiti cha kuchokolea meno.

Kuna jambo jingine kwenye kalenda ambalo lilinichukua miezi kuligundua. Tunagawa pesa kwa wiki nne, si ndiyo? Mwezi una wiki nne, kila mtu anasema hivyo. Haya, wiki nne ni siku 28. Mwezi, ukiacha Februari, una siku 30 au 31. Zidisha 28 kwa miezi 12 upate 336, ilhali mwaka una siku 365. Kwa mpango wa wiki nne kuna siku 29 kila mwaka ambazo hazina chakula kwenye karatasi. Karibu mwezi mzima! Halafu tunashangaa kwa nini tarehe 29 na 30 zina uchungu kila mara. Hazikupangiwa. Ndiyo maana nyumbani kwangu bahasha za pesa ya chakula ni tano, nne za wiki na moja nyembamba ya zile siku zinazobaki. Na hiyo nyembamba ndiyo ninayoijaza kwanza. Naanza kujaza kutoka nyuma kuja mbele. Ya wiki ya kwanza inapata kilichobaki, kwa sababu wiki ya kwanza haiogopi chochote, ina marafiki wengi.

Ndani ya bahasha hizo kuna pesa ya vitu vibichi tu: mboga, matunda, mayai, maziwa, nyama au samaki kama wapo. Vitu vikavu vya mwezi mzima, yaani nafaka, maharage, mafuta, chumvi, pamoja na moto wa kupikia, nanunua siku ileile pesa inapoingia, kabla bahasha hazijaona hata noti moja. Siku hiyo sipiti kwa mtu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wahenga hawakuwa wakizungumzia nyanya. Kinachooza nunua kwa wiki. Kisichooza nunua kwa mwezi.

Najua wapo hapa wasiopata pesa kwa mwezi. Wanapata kwa siku, au kazi ikitokea. Kwenu hesabu inageuka kichwa chini miguu juu: pesa ndogo inakuja kila siku, lakini gunia halinunuliki kwa pesa ya siku moja. Mnalazimika kununua kidogokidogo, na kidogokidogo ni ghali. Hili halisemwi vya kutosha. Kifuko cha gramu 50 ukikinunua kila siku, kwa siku 20 umenunua kilo moja. Umeilipa kilo hiyo pamoja na vifuko 20, pamoja na faida ya muuzaji mara 20. Mwenye pesa anaichukua kwa mkupuo, analipa kidogo zaidi, na anaonekana ndiye mwenye akili. Si akili. Ni kwamba alikuwa na pesa yote siku moja.

Bandubandu huisha gogo, na dawa yake ninayoijua mimi ni watu. Familia tano zikikubaliana kila moja itenge kidogo kila siku, zinanunua gunia moja la kilo 50 kwa bei ya jumla, kila moja inachukua kilo 10. Tulifanya hivyo tulipokuwa na hali ngumu kabisa. Iliwezekana kwa sababu tulikuwa na mizani, na kwa sababu aliyetunza pesa hakuwa mpimaji wa gunia. Tenganisheni kazi hizo mbili, hata kama ni dada yako wa tumbo moja. Undugu mzuri unalindwa na mizani.

Lakini nawaonya pia juu ya gunia. Gunia likijaa, mkono unalegea. Mimi nilipoanza kununua kwa jumla, mwezi wa kwanza tulikula zaidi kuliko kawaida, kwa kuwa hakuna anayepima akiwa anachota kwenye wingi. Ikabidi niwe na kikombe kimoja cha kupimia kinachokaa ndani ya chombo, na hesabu yake ninayo kichwani. Kilo moja ya mchele ikiiva inatoa kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu za wali. Kilo moja ya maharage makavu ikiiva inazidi kilo mbili. Ukishajua nyumba yako inamaliza vikombe vingapi kwa mlo, huna haja ya kubahatisha, na ule wali unaobaki kila siku kwenye sufuria, ambao unaitwa "kidogo tu", unaacha kuzaliwa.

Na chombo kiwe na mfuniko unaobana, nafaka iwe kavu kabisa, na kisiguse sakafu. Nafaka iliyoota ukungu msiionee huruma. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu, haimalizwi na kupika wala kusafisha juujuu, na inaharibu ini. Nasema hivi kwa sababu mtu mwenye bajeti ya kubana ndiye anayeshawishika kuokoa kisichookoleka.

Sasa dukani. Sitakaa hapo sana kwa sababu wengi mnapajua. Someni uzito, msisome ukubwa wa pakiti. Pakiti iliyokuwa na kilo moja ikashushwa hadi gramu 900 kwa bei ileile, imepanda bei kwa asilimia 11, na hakuna aliyebandika tangazo. Gawa bei kwa uzito, hata kama muuzaji anakuangalia vibaya. Wakati mwingine pakiti kubwa ndiyo ghali zaidi kwa gramu. Nimeikuta mara nyingi, wanajua tunadhani kubwa ni rahisi. Na usiende na njaa. Nimejaribu kwenda na njaa na nikarudi na biskuti.

Ninapotaka kukaa ni kwenye maharage, mwenyekiti utanivumilia.

Tunayadharau maharage kwa sababu tumeyala tukiwa hatuna kitu, kwa hiyo yakawa na harufu ya shida. Lakini gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini, karibu sawa na nyama mbichi ya uzito huohuo. Yai moja lina gramu kama sita. Protini ya maharage peke yake ina upungufu wake, na ya nafaka peke yake ina wa kwake, ila upungufu wa huyu ndio wingi wa yule. Ndiyo maana karibu kila mahali duniani watu maskini, bila kufundishwa na mtu, waliishia kula nafaka na jamii ya kunde kwenye sahani moja. Bibi zetu hawakusoma kemia. Walitazama watoto wanavyokua.

Halafu kuna madini ya chuma. Chuma cha kwenye maharage na mboga za majani hakichukuliwi na mwili kirahisi kama cha nyama. Kikikutana tumboni na kitu chenye vitamini C, kama limau, chungwa, nyanya mbichi au pilipili hoho, kinachukulika vizuri zaidi. Kikikutana na chai ya rangi, kinachukulika kidogo. Hapo hujatoa pesa yoyote: kamulia limau kwenye sahani, na chai isubiri saa moja baada ya kula. Na mboga za majani zipate tone la mafuta, maana vitamini A yake inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Nimeona watu wakibana mafuta hadi mboga inachemshwa kwa maji matupu. Mmebana pasipostahili.

Moto nao. Wengi tukiandika bajeti ya chakula tunausahau, na maharage ndiyo yanayoula. Yaloweke usiku kucha, maji yale umwage. Yapike na mfuniko. Yakishachemka punguza moto, kwa sababu maji yanayochemka kwa fujo na maji yanayochemka taratibu yana joto lilelile, nyuzi 100 hivi. Moto mkubwa haukuongezei kitu ila mvuke. Nilipoelewa hilo nilijisikia mjinga kwa miaka yote niliyokuwa nikichochea. Ukiwa na kapu kubwa lenye nguo nene au majani makavu, sufuria iliyochemka vizuri unaweza kuizika humo, ukaendelea na kazi zako, na chakula kikaendelea kuiva bila jiko. Kwa maharage mekundu kuna sharti, nalo halina mzaha: lazima kwanza yachemke kwelikweli, dakika 10 kwa uchache, na 30 ni salama zaidi, ndipo yaende kwenye kapu. Yana sumu ya asili inayokufa kwa mchemko mkali. Moto wa uvuguvugu hauiui, na mtu anaweza kutapika vibaya.

Sufuria moja kubwa ya maharage ni milo mitatu ukiwa na mahali baridi pa kuyaweka. Leo na wali. Kesho yanapondwa na viazi. Keshokutwa supu nzito yenye karoti na kabichi. Watoto hawalalamikii maharage; wanalalamikia maharage yaleyale. Na nyama, ile iliyobaki baada ya kumtuliza baba, iwe kiungo. Kipande kidogo kikikatwa vidogovidogo kinafika kwenye sahani sita, na mifupa inachemshwa mara ya pili.

Nimesema "mahali baridi". Hapa kiporo kinaingia, na kiporo kina pande mbili.

Upande mmoja, kutupa chakula. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti mwaka 2024 iliyokadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Kwa wastani ni kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, pamoja na maganda na mifupa. Nilipoisoma nilisema hayo ni mambo ya matajiri. Kumbe ripoti ileile inasema tofauti kati ya wastani wa nchi zenye kipato kikubwa na zile za kipato cha kati, hata cha kati cha chini, ni kilo saba tu. Basi nikaanza kuandika kwenye daftari kila tulichotupa. Mkate ulioota ukungu. Nusu fungu la mboga lililonyauka nyuma ya kitu kingine. Maziwa. Ukoko. Kila kimoja kidogo, na kila kimoja kilikuwa kimeshalipiwa. Tangu hapo kinachoingia leo kinakaa nyuma, cha jana kinakaa mbele, na siku moja kabla ya kwenda sokoni hatununui kitu. Tunakula kilichobaki, kikae pamoja hata kama hakikuumbiwa kukaa pamoja. Watoto wanaiita siku ya maajabu.

Upande wa pili, kiporo kinaweza kukugharimu kuliko ulichookoa. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, kihifadhiwe chini ya nyuzi tano, na kikirudishwa motoni kipate moto hadi ndani. Wali ndio unaodanganya watu. Una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Ukiachwa mezani usiku kucha vinatengeneza sumu, na sumu hiyo kupasha moto hakuiondoi. Kama huna friji, basi kwako kuokoa maana yake ni kupika kinachoisha. Ndiyo sababu nimesema kikombe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya bajeti, nami nalileta hapa kwa makusudi kwa kuwa akina baba mmekuja wengi.

Mama yangu alikuwa na maneno yake. Tukikaa kula, tukimwita, anasema, "Nyie kuleni, mimi nimeonja vya kutosha jikoni." Tuliamini. Mtoto anaamini. Nimekuja kuwa mkubwa, nimesimama jikoni kwangu mwenyewe tarehe 24 ya mwezi mmoja mgumu, mwanangu akaniita, nikasikia mdomo wangu unasema maneno yaleyale, neno kwa neno. Nilikuwa sijaonja chochote. Nilishika ukingo wa meza.

Nyumba nyingi zinasawazisha bajeti namna hiyo. Hesabu haifiki, na pengo linazibwa na tumbo la mtu mmoja, na ni yuleyule kila mwezi. Kwenye daftari halionekani, kwa sababu sahani ambayo haikupakuliwa haiandikwi. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya kawaida yake, na mjamzito anahitaji chuma zaidi kuliko mtu yeyote nyumbani, nao ndio wa kwanza "kuonja jikoni". Kwangu tulibadilisha utaratibu mmoja tu: sahani zote zinapakuliwa kwa pamoja, zinahesabiwa, ndipo mtu yeyote aanze. Zikiwa sita tunakula. Zikiwa tano, tunarudi na upawa, kila mmoja anatoa kidogo. Baba anatoa pia. Mume wangu yupo pale nyuma, muulizeni kama alikonda.

Na wadogo kabisa. Mtoto ana tumbo dogo, hawezi kula sahani kubwa mara moja akamaliza siku. Wa miezi sita hadi minane anahitaji kula mara mbili hadi tatu kwa siku juu ya maziwa ya mama. Wa miezi tisa hadi 23, mara tatu hadi nne, na kitafunio kidogo katikati. Uji wake uwe mzito, wenye mafuta kidogo au kitu kilichosagwa ndani yake. Uji mwepesi unajaza tumbo kwa maji. Na anayetumia maziwa ya kopo, usiyapunguze makali ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Pata shida pengine popote, pale usiguse.

Nakaribia kumaliza, naona mwenyekiti anaangalia saa.

Mwaka 1857 mtakwimu mmoja Mjerumani, Ernst Engel, alichunguza matumizi ya familia za wafanyakazi akaona kwamba kadiri familia inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyokwenda kwenye chakula. Imepita zaidi ya miaka 160 na bado ni hivyo. Nawatajia ili mtu asiyebakiwa na kitu baada ya kununua chakula asidhani ni mzembe. Hesabu yake imekuwa hivyo kwa watu wote wa hali yake. Na kuna mwezi ambao hata daftari, bahasha, kikombe na kapu havifui dafu; pesa haitoshi, basi. Mwezi huo ujulikane mapema. Ukigawa pesa kwa sahani tarehe mosi ukaona haifiki, una siku 30 za kutafuta: kuomba kazi ya ziada, kuzungumza na mwenye nyumba, kuambia ndugu, kujiandikisha kama kuna msaada unaotolewa. Ukigundua tarehe 22 una jioni moja, na utakwenda dukani kuandikwa deni. Deni hilo litakula wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata, na mwezi huo nao umekwisha kabla haujaanza.

Wenye deni tayari, msijaribu kulilipa lote mwezi mmoja. Mtarudi kukopa wiki ya tatu. Tulilipa robo, robo, robo, robo, na mwenye duka tulimwambia mpango wetu mapema. Alinuna mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili alituongezea vitunguu.

Kuna wakati inabidi kukata. Sisi tulianza na soda na vitafunio vya pakiti, ikafuata sukari, kisha nyama ikapungua. Maharage, mafuta, mboga na yai la mtoto vilikuwa vya mwisho kuguswa. Wengine wanaanza kukata mboga kwa sababu "haishibishi". Ni kweli haishibishi, lakini kile chuma na vitamini nilivyovitaja vimo humo.

Mlipoingia mlipewa karatasi tupu. Andikeni juu yake idadi ya watu wanaolala nyumbani kwenu. Zidisheni kwa tatu, kisha kwa siku za mwezi huu, msiandike 28. Toeni milo inayoliwa nje. Msiweke jina. Kalamu zipo kwenye meza ya nyuma, na nitapita kwa kila mmoja, kuanzia na akina baba.